Mtumbwi Nao Unakula

MALI YA NYUMBA: mazungumzo ya kila mwezi na jamaa



Mwezi huu tunazungumza juu ya mtumbwi, chombo ambacho huku kwetu wengi wanakiita bwato. Pengine mmoja atauliza: "Sisi ni batu ya mugodi. Bwato inatuangalia namna gani?"

Inatuangalia sana. Umeme wa viwanda vyetu umetoka majini. Kizuizi cha Mwadingusha juu ya mto Lufira kilianza kutoa umeme mwaka 1930, na maji yaliyozuiliwa pale yakafanya ziwa Tshangalele, upande wa Likasi. Katika miaka ya 1950 mto Lualaba nao ulizuiliwa pale Nzilo, karibu na Kolwezi, na ziwa lingine likazaliwa. Basi mgodi ulizaa maziwa, na maziwa yakazaa wavuvi. Tena samaki wengi wa soko la Lubumbashi wanatoka Kasenga kwenye mto Luapula, na Kilwa na Pweto kwenye ziwa Moero. Wengine wanatoka upande wa Bukama, mahali reli ilipofika mwaka 1918, na ambapo vyombo vinaanza kushuka Lualaba mpaka Kongolo.

Na hili si jambo la jana. Mwaka 1957 wataalamu wa mambo ya kale walichimba Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakafunua makaburi ya watu walioishi huko zaidi ya miaka 1 000 iliyopita. Ndani yake walikuta vyungu, na vitu vya shaba pia. Basi wazee wetu walijua shaba na maji pamoja.

Kuko sababu nyingine. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Tangu wakati ule jamaa nyingi zimejifunza kuuliza swali gumu: fedha hizi zinazokuja mara moja tu, tuzigeuze kuwa nini? Mmoja ananunua mashine ya kusaga, mwingine shamba, mwingine bwato. Ni kwa huyu wa tatu tunaandika leo, na kwa kijana anayeweka falanga kidogo kidogo kusudi siku moja awe na chombo chake.

Neno letu ni moja, likumbukeni mpaka mwisho: mtumbwi nao unakula. Kama vile mtoto anavyokula, na kama vile mbuzi anavyokula, mtumbwi una posho yake. Usipoulisha utakufa, hata kama ulichongwa katika mti mgumu kuliko yote.

1. MTI NDIO MWANZO

Kuko mitumbwi inayokaa miaka mitatu au minne, na kuko mingine ambayo baba aliinunua na leo mtoto wake anaipiga kafi. Tofauti ya kwanza iko katika mti.

Huku Katanga mti unaosifiwa ni mulombwa, ule ambao ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. Watu wa mashariki wanauita mninga. Sifa yake ni tatu: hauozi upesi, mchwa hawaupendi, na ukikauka haujikunji sana, kwa hiyo haupasuki ovyo. Upande wa kaskazini, kwenye misitu ya Lualaba ya chini na kando ya Tanganyika, mafundi wanapenda mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao wanauita kambala. Nao ni mti wa kukaa siku nyingi.

Lakini sikilizeni vizuri. Hata mti mzuri una sehemu mbili. Ndani kuna moyo wa mti, wenye rangi nzito. Nje, chini ya ganda, kuna sehemu nyeupe au ya njano. Nguvu yote iko katika moyo. Ile sehemu nyeupe inaoza upesi na wadudu wanaila, hata kama mti ni mulombwa. Fundi mwenye haraka anaacha sehemu nyeupe kwenye midomo ya juu ya mtumbwi kusudi aonyeshe chombo kipana. Wewe unalipa bei ya mulombwa, kumbe nusu ya midomo itaoza mbele ya mwaka wa tatu.

Basi, mbele ya kutoa falanga, fanya hivi:

— Tazama rangi, ndani na nje. Uliza moyo wa mti unafika wapi.

— Chukua kisu kidogo, uchome pale maji yanapokaa: chini katikati, na ndani ya pua mbili, ya mbele na ya nyuma. Kisu kikiingia kama katika mkate, ondoka.

— Gonga kwa ngumi toka mbele mpaka nyuma. Mti mzima unalia sauti moja. Sauti ikibadilika na kuwa kama ya ngoma, kuna uozo au kuna mahali fundi alichonga akapita kiasi.

— Tazama pua zote mbili. Mti unakauka upesi zaidi kwenye ncha zake, kwa hiyo ufa unaanzia huko. Ufa mdogo wa leo ni mtoto. Ukipata jua mingi utakuwa mzee.

— Mwishowe uingize majini, uketi ndani yake muda wa saa moja. Usiwe na haya mbele ya muuzaji. Akikataa jaribio hili, amekwisha kukujibu.

Tena kumbuka kwamba mulombwa unakua polepole sana. Mpaka ufike unene wa kuchongwa mtumbwi, miaka 80 inaweza kupita. Mti unaoangushwa leo ulianza kuota mbele ya babu yako kuoa. Ndiyo maana mitumbwi ya mti mmoja inazidi kuwa bei nguvu, na mafundi wengi sasa wanaunganisha mbao. Mtumbwi wa mbao si mbaya. Lakini una viungo vingi, na kila kiungo ni mlango wa maji. Kwa hiyo unaomba posho mingi kuliko ule wa mti mmoja.

2. MAADUI WANNE

Wenzetu wa pwani ya bahari wana mdudu wa maji ya chumvi anayetoboa mbao chini ya chombo. Sisi wa mito na maziwa hatuna yule. Maadui wetu ni wengine, na wote wanne tunawafahamu.

Wa kwanza ni maji ya mvua. Mtu atashangaa: chombo kinakaa majini, namna gani kiogope mvua? Sababu yake ni hii. Uozo unataka vitu viwili pamoja, unyevu na hewa. Mti unaokaa chini ya maji siku zote hauozi upesi, kwa kuwa hewa haifiki. Mti mkavu hauozi pia, kwa kuwa hakuna unyevu. Unaooza ni ule unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, na zaidi ule wenye maji machafu yaliyolala ndani pamoja na majani na magamba ya samaki. Kwa hiyo kila jioni ondoa maji, osha ndani, toa uchafu. Kazi hii ni ya dakika kumi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaiweza.

Wa pili ni jua. Katika miezi ya kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 10, jua la Katanga na upepo mkavu vinapasua mti. Usiuache mtumbwi juu ya mchanga, mdomo wazi, wiki nzima. Ukiwa hautumiki, uweke kivulini, uufunike majani au nyasi. Wavuvi wengine wana desturi ya zamani: wanauzamisha katika maji mafupi, na mawe ndani yake, mpaka siku ya kazi. Si uchawi wala uvivu. Wanajua kwamba mti uliolala majini haupasuki.

Wa tatu ni mchwa. Mtumbwi ukilala moja kwa moja juu ya udongo unawaita wageni. Weka magogo mawili au matatu chini yake, uinue shubiri mbili, uugeuze tumbo juu. Kila wiki pitisha macho chini yake. Ukiona njia ya udongo inapanda kwenye gogo, ivunje siku ileile.

Wa nne ni mawe na visiki. Mtumbwi unaoburutwa kila siku juu ya mawe unakonda kama kiatu kinavyokonda. Tafuta magogo ya mviringo ya kuuviringishia. Pigilia chini yake ubao mwembamba wa kuburutia, kusudi ubao ule uliwe badala ya mtumbwi. Ukiisha, unaweka mwingine. Na katika maziwa yaliyozaliwa na vizuizi, kumbuka kwamba chini ya maji kulikuwa pori. Maji yakipungua, visiki vinakaribia juu. Mwenyeji anajua njia yake, mgeni aulize.

3. UFA NA TUNDU

Ufa usiongoje mwezi ujao. Kausha mahali pale, toa uchafu wote kwa kisu, sukumia ndani nyuzi za pamba zilizolowa lami, halafu pakaa lami ya moto juu. Tundu kubwa linaombwa kipande cha bati au cha ubao, na lami katikati, kisha misumari.

Hapa watu wa viwandani wana elimu yao, waitumie. Mmoja ataona kipande cha shaba kimelala nyumbani, atasema: "Shaba haishikwe na kutu, niiweke ku bwato." Vema. Lakini akipigilia shaba ile kwa misumari ya chuma, ameharibu. Chuma kikigusana na shaba mahali penye maji, chuma kinaliwa upesi. Kila aliyefanya kazi ya kutoa shaba katika maji ya asidi amekwisha kuona namna vipande vya chuma vinavyoyeyuka na shaba inabaki. Majini kwenye ziwa ni jambo lile lile, ila linakwenda polepole. Baada ya muda misumari inaisha, bati linafunguka, nawe uko katikati ya maji. Sheria ni nyepesi: shaba kwa shaba, chuma kwa chuma. Na misumari ya chuma iwe ile iliyopakwa zinki.

Neno moja juu ya mafuta. Wengine wanapakaa mafuta machafu ya moteri wakisema yanalinda mti. Mafuta yale yanatoka yanakwenda majini. Maji yale ndiyo mama anayoteka, na ndiyo samaki wanamozalia. Tafadhali, tuache.

4. POSHO YA MTUMBWI

Sasa tunafika kwenye kiini. Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu; wewe weka zile za pwani yako.

Tuseme mtumbwi wa mti laini ni franka 300 000, na unakaa miaka 4. Gawanya: kila mwaka umekula franka 75 000. Tuseme mtumbwi wa mulombwa ni franka 900 000, na unakaa miaka 15. Gawanya: kila mwaka ni franka 60 000. Tuseme tena kila mmoja unataka lami, misumari na mkono wa fundi, franka 20 000 kwa mwaka. Wa kwanza unafika 95 000, wa pili 80 000. Basi ule wa bei nguvu ndio rahisi.

Lakini ngoja. Mwenye mulombwa akisema, "Hii bwato iko nguvu, haiwezi kuoza," akaacha kuutunza, utakufa mwaka wa 6. Gawanya 900 000 kwa 6. Ni franka 150 000 kila mwaka! Ule mti mzuri umekuwa mali ya hasara kuliko ule mbaya. Mnaona? Udumifu haununuliwi pamoja na mti.

Sasa, posho inatoka wapi? Ikiwa mtumbwi unaomba franka 80 000 kwa mwaka, na unafanya kazi majuma 40, basi kila juma uwekee 2 000. Fungu hilo linatolewa mbele ya kugawana. Wavuvi wakifika pwani na kuuza samaki, kwanza fungu la mtumbwi na la nyavu, ndipo mafungu ya watu. Si kinyume chake. Tukigawana kwanza na kusema tutaweka kitakachobaki, tunajua wote: hakuna kinachobaki.

Hesabu ina majuma 40, si 52, kwa sababu kila maji yana miezi yake ya kupumzika. Upande wa Zambia, uvuvi wa ziwa Moero na mto Luapula unafungwa toka tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, kusudi samaki wazae. Upande wetu uliza wakubwa wa mahali miezi iliyofungwa. Wakati ule usiibe samaki. Ingiza mtumbwi chini ya paa, maana ni wakati wa mvua, uukaushe kivulini, uushone.

Kuko hatari nyingine, wazee wanaikumbuka. Mwaka 1993 fedha ilibadilishwa, na zaire 3 000 000 za zamani zikawa zaire moja mpya. Aliyekuwa ameficha noti za miaka kumi chini ya godoro alibaki na karatasi. Kwa hiyo posho ya mtumbwi isilale muda mrefu kama noti. Igeuze kuwa vitu visivyooza: kilo ya misumari, kopo la lami, kamba, uzi wa nyavu. Na ukipata mbao nzuri kwa bei ya urafiki, nunua, uziweke zikauke polepole kivulini. Mtumbwi wa kesho uanze kuzaliwa wakati huu wa leo ungali mzima.

5. MZIGO, NA MAISHA YA WATU

Mtumbwi unaodumu miaka 15 unabeba watu maelfu. Usitake kuhesabu faida bila kuhesabu watu hao.

Kila mtumbwi uwe na alama. Pakia kidogo kidogo siku ya maji matulivu, na usimame wakati umebaki shubiri nzima kati ya maji na mdomo wa mtumbwi. Piga mstari wa rangi nje, pale maji yalipofika. Toka siku ile, mstari ukizama, mtu au gunia litoke. Mstari hauogopi mtu mkubwa, na hauoni haya mbele ya shemeji. Kijana anayepiga kafi hawezi kumwambia mzee ashuke. Lakini anaweza kumwonyesha mstari.

Makoti ya kuokoa watu ni bei nguvu, tunajua. Lakini bido la plastiki la litri 20, tupu na lililofungwa vizuri, linaweza kushikilia majini karibu kilo 20. Mtu aliye majini mpaka shingoni anahitaji kushikiliwa na kilo chache tu. Basi kila mtu awe na bido lake, na kamba ya kulishika. Mama anayekwenda soko na bido tupu, alifunge kizibo mbele ya kupanda; amekwisha kupata koti lake.

Na mtumbwi ukipinduka, shikeni neno hili: msiuache. Mti unaelea. Mtumbwi wa mti uliojaa maji kwa kawaida hauendi chini kabisa. Unabaki juu juu kama gogo. Acheni magunia, acheni samaki, shikeni mtumbwi. Wengi wanakufa wakijaribu kuogelea mpaka pwani inayoonekana karibu, kumbe iko mbali.

6. MTUMBWI NI WA NANI?

Hapa ndipo jamaa nyingi zinalia.

Tuseme baba alipokea hesabu yake ya mwisho kazini. Aliongeza fedha ambazo bibi yake alipata kwa kuuza unga, wakanunua mtumbwi wa mulombwa. Miaka saba unalisha nyumba. Watoto wanasoma. Halafu baba anafariki. Mbele ya matanga kwisha, wadogo zake wanashuka pwani na kamba. "Bwato ya ndugu yetu njo ya sisi. Weye mwanamuke, utaenda nayo wapi?" Mama hana karatasi. Hana shahidi. Jioni ile mtumbwi unavushwa ng'ambo. Watoto wanne wanarudishwa toka shule, juu ya masomo hayalipwi tena. Nao wale wadogo wa baba hawautunzi, kwa kuwa kitu cha kunyang'anya hakina mwenyewe. Mwaka wa pili umeoza. Mtumbwi uliokuwa na miaka minane mbele yake umekufa kwa jamaa zote mbili.

Mnaona sasa kwamba mti mgumu una swali ambalo mti laini hauna. Chombo kinachodumu kinaweza kumshinda mwenyewe kwa umri. Kwa hiyo anayenunua chombo cha miaka 15 aseme mapema: mimi nisipokuwapo, ni cha nani?

Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikunyamaza. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza, na fungu lao ni robo tatu za urithi. Katika kundi la pili wamo mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kundi hili linapata robo inayobaki. Basi wadogo wa baba wana neno lao, hatukatai. Lakini hawana haki ya kushuka pwani na kamba.

Sheria inahitaji msaada wako. Fanyeni haya matatu, mkingali wazima na mkipatana:

Kwanza, andikeni karatasi ya manunuzi. Iwe na tarehe, bei, jina la fundi, urefu wa mtumbwi, na majina ya bwana na bibi wote wawili, pamoja na fedha ambazo kila mmoja alitoa. Mashahidi wawili watie mkono, na mmoja wao atoke katika ndugu za baba. Fanyeni karatasi mbili, moja ikae kwa mtu mnayemwamini nje ya nyumba.

Pili, chonga alama ndani ya pua ya nyuma, si rangi tu. Rangi inafutika usiku mmoja. Na kama kwenye pwani yako ofisi ya serikali ya mto na ziwa inaandika vyombo, uandikishe wako, uchunge risiti.

Tatu, shikeni kaye ya mtumbwi. Kila juma andika: kilichoingia, fungu la mtumbwi, kilichonunuliwa, nani aliazima na aliurudisha namna gani. Kaye ya miaka saba inaonyesha wazi ni nani amelisha chombo hiki. Mbele ya wazee wa ukoo au mbele ya hakimu, mama mwenye kaye hasemi peke yake.

Na ninyi wadogo wa baba, hatuwasahau. Pengine ninyi ndio mlipiga kafi miaka ile yote bila mshahara. Kama ni hivyo, semeni sasa, ndugu yenu akiwa hai, na fungu lenu liandikwe katika kaye ileile. Haki inayodaiwa mchana ni nzuri kuliko kamba inayofunguliwa usiku.

KWA VIJANA

Msingojee urithi. Kijana anayejua kuona moyo wa mti, kushona ufa na kuchanganya lami hatakosa kazi pwani, hata kama hana mtumbwi. Kaa karibu na fundi mzee. Mbebee tezo na shoka. Uliza maswali. Wazee wengi wanakwenda na elimu yao kwa sababu hakuna aliyewauliza. Shimo la madini, jiwe likiisha, limeisha. Mtumbwi uliolishwa vizuri unaacha nyuma yake fedha za mtumbwi mwingine, na mtu anayejua kuuchonga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu ni kitu gani kinachotulisha: bwato, baisikeli, cherehani, mashine ya kusaga? Je, nacho tunakilisha? Kwa fedha ngapi kila juma?

2. Kikifa leo, tuna nini mkononi cha kununua kingine?

3. Karatasi yake iko wapi? Jina la mama limo?

4. Baba, ikiwa ndugu zako wanasoma ukurasa huu pamoja nawe, ungependa kuwaambia nini usiku huu, badala ya kuacha wengine wakisemee?

Someni pamoja, mama asome kwa sauti, na watoto wasifukuzwe. Mpaka mwezi ujao, mubaki salama.